Msishangilie Kifo cha Hannibal



Jumamosi iliyopita, katika semina ya wazazi iliyofanyika ukumbini kwetu, mtoa mada mmoja alitaja tamthilia ya Kimarekani iitwayo Hannibal. Alieleza kwamba ilikuwa habari ya daktari wa magonjwa ya akili anayeua watu na kuwala, kwamba watu wenye maadili waliipinga, na kwamba mwaka 2015 ikafutwa. Hitimisho lake likawa kwamba pale wema unaposimama imara, uovu huona haya ukaondoka. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Nasi tulipiga, tena tukiwa tumeketi mstari wa mbele.

Watu walipotawanyika, alitujia binti mmoja wa kwaya, ambaye alipokuwa chuoni aliitazama tamthilia hiyo yote, mwanzo hadi mwisho, kwa DVD za kuazimana. Akatuuliza kwa sauti ya chini: "Baba Paroko, ni nani aliyewaambia kwamba ilifutwa kwa sababu ya uovu wake?" Hatukuwa na jibu. Tangu siku hiyo tumesoma, tumeuliza, na hatuna budi kukiri kwamba tumetazama sehemu kadhaa za tamthilia yenyewe, usiku, mlango wa nyumba ya mapadre ukiwa umefungwa. Juma hili tunaomba kuyarudisha makofi yetu.

Tuanze na mambo yalivyokuwa. Hannibal ilianza kuonyeshwa na kituo cha NBC tarehe 4 Aprili 2013. Bryan Fuller aliijenga juu ya wahusika wa riwaya za Thomas Harris, hasa ile iitwayo Red Dragon ya mwaka 1981. Hugh Dancy aliigiza Will Graham, mchunguzi mwenye kipaji cha kuingia ndani ya fikra za wauaji hata akili yake mwenyewe ikaanza kuchanika; Mads Mikkelsen akawa Daktari Hannibal Lecter, mtu wa suti nzuri, muziki mzuri na meza nzuri, ambaye wageni wake hawajui wanakula nini. Ilidumu misimu mitatu yenye sehemu 13 kila mmoja. Tarehe 22 Juni 2015, msimu wa tatu ukiwa bado hewani, NBC ilitangaza kwamba wa nne hautakuwapo. Sehemu ya mwisho ilionyeshwa tarehe 29 Agosti mwaka huohuo.

Je, ni dhamiri iliyoifuta? La hasha. Televisheni ya kibiashara ya Marekani huishi kwa matangazo, na wenye matangazo hununua macho ya watu, hasa ya wale wenye umri wa miaka 18 hadi 49. Macho hayo huhesabiwa kila usiku, na macho ya watazamaji wa Hannibal hayakutosha. Jambo la kusikitisha zaidi kwa mashabiki wake ni kwamba NBC ilikuwa inaipata kwa bei nafuu, maana Gaumont, kampuni yenye asili yake Ufaransa, ilibeba sehemu kubwa ya gharama kwa kuiuza katika nchi nyingine. Hata kwa unafuu huo haikulipa. Baada ya kufutwa ilihamishwa kutoka Alhamisi hadi Jumamosi, usiku ambao vituo vya huko huwaachia vipindi vilivyokwisha kukatiwa tamaa, ikamalizia siku zake huko. Na katika tamko lake la kuifuta, NBC haikuomba radhi kwa maiti hata moja. Ilisema inajivunia tamthilia hiyo.

Basi, tulishangilia nini? Tulishangilia hesabu ya mfanyabiashara tukadhani ni hukumu ya maadili. Mizani iliyoikata Hannibal ndiyo iliyokiacha hai kipindi kingine cha NBC hiyohiyo, Law & Order: SVU, kinachohusu makosa ya kujamiiana, kilichoanza mwaka 1999, kikawa hewani kabla ya Hannibal, wakati wa Hannibal na baada ya Hannibal. Aidha CBS ilionyesha Criminal Minds, yenye wauaji wapya karibu kila juma, kuanzia mwaka 2005 hadi 2020, na mwaka 2022 ikarejeshwa kwa njia nyingine. Hayo hayakuona haya yakaondoka. Yalikuwa na watazamaji. Anayesema kwamba soko lilitupigania mwaka 2015 hana budi aseme pia kwamba soko linatupiga vita miaka mingine yote, na hapo atakuwa amelikabidhi soko kiti ambacho si chake.

Wapo waliotenda kwa dhamiri, nao wanastahili kutajwa. Mwishoni mwa Aprili 2013, kituo cha KSL cha Salt Lake City, kinachomilikiwa na Kanisa la Wamormoni, kiliamua kutoionyesha tena Hannibal kwa sababu ya picha zake za kutisha, nacho kikasema hivyo waziwazi. Mtu anaweza kukubaliana nacho au kukipinga, maana kimetoa sababu na kuisimamia. Mwezi uleule, sehemu ya nne ya msimu wa kwanza, inayohusu watoto wanaoshawishiwa kuua familia zao, iliondolewa katika ratiba nchini Marekani. Aliyeomba iondolewe alikuwa Fuller mwenyewe, miezi minne tu baada ya watoto wadogo kuuawa kwa risasi katika shule ya Sandy Hook, Desemba 2012. Huyohuyo alitangaza kwamba katika tamthilia yake hakutakuwa na hadithi za ubakaji, kwa kuwa aliona televisheni inazitumia ovyo kama kitoweo. Wapendwa, tuliambiwa huyu ndiye adui aliyeshindwa. Yamkini alikuwa na dhamiri kuliko wengi waliobaki hewani.

Tuwageukie sasa mashabiki, maana mtoa mada aliwafanyia mzaha na sisi tukacheka. Hao hujiita Fannibals, na wengi wao walikuwa wanawake vijana waliopenda kuvaa mataji ya maua kama alama yao, jambo la ajabu kwa tamthilia yenye giza namna hiyo. Habari ya kufutwa ilipotoka, walikusanya sahihi kwa makumi ya maelfu, wakaziomba Netflix na Amazon ziichukue. Haikuwezekana. Amazon ilikuwa na haki ya kuionyesha Marekani kwa njia ya intaneti, hivyo Netflix ikafungwa mikono. Amazon yenyewe na Fuller hawakuafikiana juu ya muda wa kuandaa msimu mpya. Mwaka 2020 tamthilia ya zamani ilipowekwa Netflix nchini Marekani, wakapata wenzao wapya na tumaini likawaka upya. Msimu wa nne haujatengenezwa.

Hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1991 wapenzi wa Twin Peaks waliiandikia ABC barua nyingi hata tamthilia hiyo ikarudishwa kwa sehemu sita za mwisho, kisha ikafa, na mwaka 2017 ikafufuliwa kwa sehemu 18. Mwaka 2007 wapenzi wa Jericho waliipelekea CBS zaidi ya tani 20 za karanga na kokwa, kwa sababu ya neno moja lililotamkwa na mhusika katika sehemu ya mwisho. CBS ikatoa sehemu saba zaidi, ikawaomba wasitume karanga tena.

Mtoa mada alisema, na sisi tulikuwa tunatikisa kichwa kwa kukubali: "Laiti wangewalilia maskini kama wanavyolilia sinema!" Hoja hii tunaijua vema, maana tumewahi kuitumia mimbarani dhidi ya wapenzi wa mpira. Ni hoja mbovu. Aliye mfiwa hatumwulizi kwa nini hakumlilia jirani aliyefariki mwaka jana. Tena sisi tunaoitumia hatuitumii dhidi yetu wenyewe pale tunapochangishana fedha za keki ya jubilei. Waliokusanya sahihi zile walijifunza kitu ambacho vikundi vingi vya parokia yetu bado havijui: kutafuta mwenye mamlaka ni nani hasa, kumwandikia kwa adabu, na kutochoka. Tunasema haya tukikumbuka kwamba barua ya waamini juu ya choo cha kanisa ilichukua miezi saba kuandikwa.

Hata hivyo tusije tukadhaniwa kwamba tumejiunga na wenye mataji ya maua. Mashabiki wanatetea tamthilia yao kwa kusema ni sanaa, na kwamba uzuri umeisafisha. Hapa ndipo tunapoachana nao.

Uzuri upo, hatukatai. Sehemu za msimu wa kwanza zilipewa majina ya vyakula vya Kifaransa, za msimu wa pili vya Kijapani, na msimu wa tatu ukaanza na vya Kiitaliano. Sahani zimepangwa kwa ustadi hata mtazamaji anameza mate, halafu anakumbuka nyama ile ni ya nani. Tulimeza mate pia. Katika msimu wa tatu Lecter anaacha maiti ndani ya Kanisa dogo la Kifalme la Palermo, lenye michoro ya vijiwe vya dhahabu ya karne ya 12, maiti iliyokunjwa ikawa umbo la moyo. Mwamini mmoja akiona hapo atasema ni kufuru na kuzima televisheni. Sisi tungemwomba asubiri kidogo, kwa sababu Wakatoliki hatuwezi kusema kwamba kuunganisha uzuri na mateso ya mwili ni mambo ya wapagani. Katika Kanisa dogo la Sisto, Michelangelo alimchora Mtakatifu Bartolomayo akiwa ameshika ngozi yake iliyochunwa. Mtakatifu Lusia huchorwa na macho yake katika sahani, na Mtakatifu Agata na matiti yake. Na katika karne ya pili tulisingiziwa kwamba tunakula nyama za watu, hata Mababa kama Athenagora na Tertuliani wakalazimika kuandika kututetea.

Tofauti yetu na Lecter iko mahali pengine. Mbele ya Bartolomayo tunaambiwa jina la aliyechunwa, tunaadhimisha siku yake, tunawaita watoto wetu kwa jina lake. Mchunaji hatumjui. Katika Hannibal ni kinyume: wengi wa waliouawa hupita bila majina tunayoweza kuyakumbuka asubuhi, na aliyewaua ndiye tunayemtamani arudi juma lijalo. Jicho la kamera limesimama upande wa mwenye kisu. Hilo uzuri haulisafishi. Uzuri ndio unaolifanya lipite koo bila kukwama. Mashabiki watuambie: katika zile sahihi walizokusanya, ni wangapi waliomwomba arudi Will Graham awe mzima, na ni wangapi waliomtaka Lecter?

Sehemu ya mwisho kabisa ilipewa jina la Hasira ya Mwanakondoo, kutoka sura ya 6 ya Kitabu cha Ufunuo. Nusu yote ya mwisho ya msimu ule inaegemea michoro ya William Blake juu ya joka jekundu la sura ya 12, na mwuaji Dolarhyde anaukabili mchoro mmojawapo katika makumbusho ya Brooklyn na kuutafuna. Mwishowe Will na Lecter wanamwua Dolarhyde pamoja, wanakumbatiana wakiwa wamelowa damu, na Will anajivuta pamoja na mwenziwe kutoka juu ya jabali hadi baharini. Katika Ufunuo, Mwanakondoo ambaye wakuu wa dunia wanajificha mbele yake ndiye aliyechinjwa. Katika tamthilia, mwanakondoo ni aliyejifunza kuchinja. Mtu aliyegeuza fumbo hilo namna hii alilisoma kwa makini, pengine kuliko wengi wetu tunaolisikia likisomwa kanisani tukiangalia saa. Anastahili kujibiwa. Lakini sisi hatukumjibu, kwa sababu tulidhani amekwisha kujibiwa na wauza sabuni na magari.

Haya yote tulimweleza binti yule jana jioni. Alikubali la soko, akakataa la jicho la kamera. Alisema kwamba yeye alikuwa anamlilia Will, kwamba aliwahi kuwa na rafiki aliyemfahamu kuliko nduguze na akamwumiza kuliko adui, na kwamba hakuwahi kuona jambo hilo likisimuliwa kwa ukweli hivyo mahali pengine popote, hata katika mahubiri. Tulinyamaza kidogo. Kisha tukamwuliza kuhusu yule rafiki, na mazungumzo yaliyofuata si ya kuandikwa hapa.

Semina ya wazazi itaendelea Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nne asubuhi. Tumemwomba binti huyo azungumze kwa dakika kumi, na mtoa mada wetu amekubali kumsikiliza, ila ameomba picha zisionyeshwe. Kwa hilo tumemkubalia, kwa sababu mara baada ya semina kuna chakula cha mchana.