Kibaha si Kisarawe

Mwandishi, hilo la kufika uwanja wa ndege masaa mawili kabla ni sawa, ila kwa sisi wa Kibaha ungetaja na foleni. Siku yangu ya kwanza kupanda ndege, naenda Mwanza, nilitoka Maili Moja saa kumi na moja alfajiri na foleni ya Kimara ikanikamata vilevile. Bodaboda naye akanishusha Jengo la Tatu, la safari za nje, wakati yangu ya ndani ilikuwa la Pili! Safari iliyofuata nililala kwa shangazi Kisarawe: Pugu, Gongo la Mboto, umefika. Na wewe mchangiaji hapo juu unayesema tiketi ni tiketi tu, wakala alikosea herufi moja ya jina langu, kaunta wakakishika kitambulisho changu cha NIDA wanakigeuzageuza, jasho likanitoka.