Upepo wa uwanja wa ndege si upepo wa Dunga

Hapa Migosi ziwa hatulioni tukiwa mlangoni, lakini siku hizi upepo wake tunao mfukoni. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, ambaye amejifunza kupanda ubao wa tanga, akiamka hushika simu kwanza. Ikimwonyesha upepo wa kilomita 20 kwa saa, anachukua tuktuk hadi Dunga. Ikionyesha 8, anarudi kulala. Sina ugomvi naye. Namuuliza tu: hiyo nambari imetoka wapi?

Mara nyingi haikupimwa popote. Ni hesabu ya kompyuta. Na ikiwa imepimwa, basi huenda ni katika uwanja wa ndege wa Kisumu, ambao uko ufuoni upande wa kaskazini, ilhali Dunga iko kusini mwa mji. Kipimo cha uwanja wa ndege ni cha rubani. Kwa kanuni za usafiri wa anga, kifaa hukaa kwenye mlingoti wa mita 10, na kasi inayotangazwa ni wastani wa dakika kumi. Upepo wa ghafla hautajwi mpaka uupite wastani huo kwa kilomita 18 hivi kwa saa. Rubani hilo linamtosha. Lakini mwenye kushika tanga kwa mikono hapinduliwi na wastani, anapinduliwa na ule wa ghafla. Tena upepo ukiongezeka kutoka kilomita 15 hadi 30, nguvu yake haiongezeki mara mbili bali mara nne.

Halafu kuna tabia ya Ghuba la Winam lenyewe. Mchana nchi kavu ikipata joto, upepo hutoka ziwani kuja mjini. Usiku hugeuka. Gugumaji linatuonyesha hayo bila mtambo wowote: leo limeziba ufuo huu, kesho limehamia ng'ambo. Hatari iko alasiri. Upepo wa ziwa hupanda milima ya Nandi, mawingu yanajengeka, na dhoruba ikikomaa huteremka kuelekea Kano na Kisumu ikitanguliwa na upepo baridi unaotoka bara. Kijana wetu aliingia majini na upepo uliokuwa ukimrudisha ufuoni. Ndani ya dakika chache ni upepo unaomsukuma katikati ya ghuba. Kipima upepo kitaandika mabadiliko hayo, naam, yakishatokea.

Yeye anacheza. Wavuvi wa omena hawachezi. Wao hutoka usiku na taa zao, saa zile pepo za bara kutoka pande zote zinapokutana juu ya ziwa na kuinua dhoruba. Utulivu uliopimwa Kisumu saa mbili usiku haumwambii kitu aliye nje ya Rusinga saa tisa. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba ziwa hili huua watu 3,000 hadi 5,000 kila mwaka. Ndiyo sababu Shirika la Hali ya Hewa Duniani, kwa fedha za Uingereza, lilianzisha mradi wa HIGHWAY mwaka 2017 pamoja na Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, na utabiri wa ziwa ukaanza kutolewa kwa maeneo: upepo, mawimbi, ngurumo. Kabla ya kuingia majini, utabiri huo una thamani kuliko nambari ya sasa hivi, maana unazungumzia saa zijazo.

Hata hivyo utabiri hunolewa na vipimo, na vyetu vingi viko nchi kavu. Vile vituo vidogo vya TAHMO vilivyowekwa mashuleni vinafaa sana kwa mvua, ila upepo uliopita kati ya paa na miembe si upepo wa majini. Kaunti za ziwa zingeweka milingoti kwenye fuo zenyewe, Dunga, Mbita, Usenge, na kamati za BMU zikaandika kipimo ubaoni pale boti zinapoegeshwa, karibu na jaketi okozi.

Juzi kijana alipita kwangu saa nane mchana, amefurahi, simu inasema 22. Kutoka Migosi hatulioni ziwa, lakini milima tunaiona. Nilimwonyesha Nandi, kumeshakuwa kweusi. Alikaa, akanywa chai kwa kununa.