Msituletee jibu moja

Naandika nikiwa Butare. Si ile ya chuo kikuu, watu wanachanganyaga. Hii ni ya Rusizi, milimani, juu ya bonde la Bugarama.

Kambini nilikokuwa nahamasisha vijana kabla ya kufika huku, shirika moja lilituita kikao. Swali lilikuwa moja: mnakubali mafunzo ya ushonaji? Tukapiga makofi. Nani akatae? Mwenye njaa haulizwi kama anapenda maharage. Wasichana 22 wakahitimu siku moja, katika kambi moja, na wateja wao ni walewale ambao pesa ya chakula haiwafikishi mwisho wa mwezi. Mashine kadhaa zimeshauzwa. Ripoti inasema tulishirikishwa.

Hapana bwana. Kuniuliza ndiyo au hapana juu ya kitu ulichoshakiamua ofisini si kunishirikisha. Najua mtasema mfadhili anataka mradi kabla ya tarehe fulani. Basi njooni na bajeti, mtuambie ni makuta ngapi, halafu mnyamaze kidogo.

Na sisi je? Kwenye vikao vyetu mzee mmoja akishasema, wote tunaanza na "kama alivyosema mwenzangu". Kwa hiyo hapa Butare nagawa karatasi. Kila mtu anaandika njia tatu. Asiyejua kuandika anamnong'onezea jirani. Siku hiyo hakuna kuchagua. Njia ya kwanza mara nyingi ni ya jirani, ya pili umeisikia redioni. Ya tatu ndiyo inayokutoa jasho. Walitaja saluni, kutengeneza simu, kibarua kwenye mashamba ya mpunga ya Bugarama, kushona pedi badala ya magauni. Msichana mmoja akaandika sungura, watu wakacheka sana. Wiki mbili baadaye tulipopiga hesabu, saluni ilianguka, sungura wakabaki.

Sasa jambo linalouma. UNHCR yenyewe inataja njia tatu kwa mkimbizi: kurudi nyumbani kwa hiari, kujenga maisha katika nchi iliyokupokea, au kupelekwa nchi ya tatu. Sisi vijana tulichagua moja bila kuziangalia zile nyingine: Marekani. Unamwambia mtu kuna nafasi ya ufundi, anakujibu, "Eh, dosiye yangu inatembea." Januari 2025 Marekani ikasimamisha kupokea wakimbizi. Rafiki yangu alikaa mlangoni wiki mbili, sanduku limefungwa, hasemi na mtu. Simcheki. Mimi pia nilikuwa na dosiye, na ile nafasi ya ufundi niliiacha mwenyewe.

Kikao kijacho nitakuja tena na karatasi zangu. Atakayefika na wazo moja nitamrudisha akatafute mengine mawili, hata kama amekuja na gari.