NENO KWA WAZAZI NA WALIMU: Mgeni wa Juma Moja na Mwalimu wa Kila Jumapili



Mwezi huu twapenda kusema nanyi juu ya jambo ambalo nyumba nyingi za Wakristo katika Karagwe na Kyerwa zalijua, nalo ni safari za ndugu zetu wa ng'ambo wanaokuja kuwafundisha watoto Biblia. Hutoka Ulaya na Marekani, mara nyingi katika miezi ya Juni na Julai, shule za serikali zinapofungwa. Hukaa juma moja au mawili, huwakusanya watoto kanisani au kivulini, huimba nao, huwaonyesha picha, huwasimulia habari za Musa na Danieli na za Bwana Yesu. Kisha huagana nao na kurudi kwao. Wenyeji wa Nyabiyonza, kama wenyeji wa kata nyingine za huku, wajua jinsi watoto wanavyotoka migombani mbio wasikiapo kwamba wageni wamefika.

Twamshukuru Mungu kwa upendo huo. Mtu aliyetumia mshahara wake na siku zake za mapumziko, akavuka bahari ili mtoto wa Nyabiyonza alisikie Neno, hakufanya jambo dogo. Walakini yatupasa kujiuliza swali moja bila kuoneana haya: wageni wakisha kwenda, na vumbi la motokari yao likisha kutulia, ni nini kinachobaki katika moyo wa mtoto, na ni nani atakayekitunza?

Kwanza na tujue shule hizi zilianzaje. Mwaka 1894, katika mji mdogo wa Hopedale, katika jimbo la Illinois huko Marekani, palikuwa na mwalimu, mke wa mchungaji, jina lake Bibi Miles. Aliona kwamba saa moja ya Jumapili haitoshi kuwafundisha watoto Biblia, basi akawakusanya watoto wapata 40 wakati shule zilipofungwa, akawafundisha kwa muda wa majuma manne. Miaka minne baadaye, yaani 1898, Bibi Hawes alifanya vivyo hivyo katika mji wa New York, kwa kuwa aliwaona watoto wa maskini wakitangatanga njiani wakati wa joto. Hakupata nyumba nyingine ya kuwafundishia, akakodi nyumba ya kunywea pombe. Ndipo desturi hii ilipoenea katika makanisa mengi.

Angalieni neno moja katika habari hii. Bibi hao wawili hawakutoka mbali. Watoto waliowafundisha walikuwa watoto wa mji wao wenyewe, na siku za shule zilipokwisha, mwalimu aliweza kukutana na mwanafunzi wake njiani na kumwuliza habari zake. Tangu mwanzo shule ya siku za mapumziko ilikuwa nyongeza ya kazi ya kila juma, si badala yake. Ikifanywa badala yake, imepoteza maana.

Wazee husema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Neno hili ni kweli, lakini mwenyeji atapona tu ikiwa yumo nyumbani mgeni afikapo. Kama nyumba ni tupu, mgeni atabisha hodi, ataimba mlangoni, naye atakwenda zake.

Historia ya kanisa katika nchi hii ya Kagera yatufundisha neno hilo hilo. Mmisionari Ernst Johanssen wa misioni ya Betheli, ambaye alikuwa amefanya kazi Mlalo katika Usambara tangu 1891, na Rwanda tangu 1907, alifika Bukoba mwaka 1910. Je, alikuta nchi tupu? Sivyo. Alikuta Wahaya waliokuwa wamejifunza kusoma Uganda, wakarudi kwao na vitabu vya Kiganda, nao walikuwa wakikutana kusoma na kusali, tena wengine kwa siri. Mgeni alikuta moto umekwisha kuwashwa, naye akaongeza kuni.

Kisha ikaja Vita Kuu. Mwaka 1916 Waingereza walipoishika Bukoba, wamisionari wa Kijerumani waliondoka. Wengi walidhani kazi itakufa. Lakini walimu wenyeji waliendelea kuwakusanya watu, kuwafundisha na kuzika wafu wao. Na vita vya pili vilipozuka mwaka 1939, Wajerumani waliondolewa tena. Ndugu Waswidi wakaja kusaidia, na mara hii pia walikuta walimu wenyeji kazini. Dayosisi ya Karagwe, iliyoanza mwaka 1979, imejengwa juu ya msingi huo wa watu waliobaki. Kama wale walimu wangalikuwa watazamaji tu wa kazi ya wageni, leo tungalikuwa na nini?

Sasa na tutazame mgeni wa namna nyingine. Apolo Kivebulaya alikuwa Mganda, zamani askari, akabatizwa mwaka 1895. Mwishoni mwa mwaka 1896 alivuka hata Mboga, nchi ambayo leo imo katika Kongo. Hakupokewa kwa ngoma. Mtemi Tabaro alimchukia na kuamuru apigwe. Apolo hakukimbia. Alijifunza mambo ya watu wale, akalima, akajenga, akafundisha wadogo na wakubwa kusoma. Na baadaye Tabaro mwenyewe akawa Mkristo. Katika uzee wake Apolo aliwaendea Wambuti wa msitu wa Ituri, watu waliodharauliwa na majirani zao. Alipofariki mwezi wa Mei 1933, alikuwa ameagiza kwamba azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, upande wa msitu, ingawa desturi ya kwao ilikuwa nyingine, ili watu wajue kwamba kazi yapasa kuendelea upande ule.

Si kila mgeni aweza kukaa miaka 30 na zaidi kama Apolo. Wageni wetu wana kazi na watoto kwao. Hatuwalaumu. Bali kwa sababu wao hawawezi kukaa, yatupasa sisi tunaokaa kujua wajibu wetu. Basi twatoa mashauri haya.

La kwanza ni kwa wazee wa kanisa. Msiwaachie wageni kuchagua juma peke yao. Mwezi wa Juni kahawa inaiva, na kila mkono katika nyumba watafutwa, hata mkono wa mtoto wa miaka minane. Mzazi asiifanye kahawa kuwa udhuru wa kumnyima mtoto Neno la Mungu. Wala mwalimu asiidharau kahawa, maana ndiyo inayonunua daftari na sare. Semeni na wazazi mapema, mpange saa ambazo kazi na masomo vyaweza kukaa pamoja.

La pili ni habari ya lugha. Mgeni husema Kiingereza au Kijerumani. Mkalimani hukigeuza kuwa Kiswahili. Na mtoto mdogo ambaye hajaingia shule husikia Kinyambo tu. Neno likisha kupita milango miwili, mara nyingi humfikia limechoka. Heri mwalimu mwenyeji apewe somo siku moja mbele, alisome, aliombee, kisha alisimulie mwenyewe kwa lugha ya nyumbani, na mgeni amsaidie kwa nyimbo na picha.

Tena mwenyeji ajua mifano itakayoingia. Bwana wetu alisema habari ya mzabibu na matawi yake, katika Yohana mlango wa 15. Mtoto wa Nyabiyonza hajauona mzabibu. Ukimwambia afikiri juu ya mgomba, atashangaa, maana mgomba hauna matawi. Lakini mpeleke kwenye mbuni. Amemwona baba yake akikata matawi yaliyozeeka ili mti utoe machipukizi na kuzaa vema. Ameliona tawi lililovunjika likikauka na buni zake zikiwa nyeusi kabla ya kuiva. Mtoto huyo hahitaji picha iliyochapwa ng'ambo. Atalielewa fundisho, na kila aingiapo shambani atalikumbuka.

La tatu ni habari ya zawadi. Wageni huleta peremende, kalamu na nguo, nao hufanya hivyo kwa moyo mwema. Lakini mtoto akifundishwa kwamba panapo Biblia pana peremende, ataiacha Biblia peremende zikiisha. Hapo ndipo mwalimu wa kila Jumapili anapoumia. Yeye hana cha kugawa. Watoto humwuliza, “Wageni watarudi lini?” na darasa lililokuwa limejaa hupungua hata wakabaki watoto wachache. Mwalimu akiwa dhaifu wa moyo huacha kazi, na kwa hiyo juma moja la furaha laweza kuifunga shule ya mwaka mzima. Twawasihi wazee: zawadi zote zipitie kwenu, zigawanywe baadaye kwa utaratibu, na zile za kufundishia zikabidhiwe mwalimu anayebaki mbele ya watoto wote, ili waone ni nani aliyekabidhiwa kazi.

Pamoja na hayo, angalieni habari ya picha. Mtoto si kitu cha kuonyeshwa. Mtu asimpige picha mtoto mwenye kamasi na nguo zilizochanika akaipeleka ng'ambo bila ruhusa ya mzazi wake. Wala mtoto asiachwe peke yake na mtu mzima, awe mgeni au mwenyeji. Kulinda watoto si kukosa ukarimu. Mgeni mwema hufurahi akiona watoto wanalindwa.

La nne ni kwenu, baba na mama. Katika Kumbukumbu la Torati mlango wa 6 Mungu aliwaagiza wazazi wawafundishe watoto wao amri zake, wakiwa nyumbani na wakiwa njiani, jioni na asubuhi. Agizo lile lilipewa wazazi kabla ya mgeni ye yote. Timotheo alipata imani yake katika nyumba ya mama yake Eunike na bibi yake Loisi. Paulo alipofika alikuta kazi imeanza. Basi, mtoto wako akirudi kutoka shule ya Biblia, usimwulize kwanza amepewa nini. Mwulize amesikia nini. Mwambie akusimulie mbele ya moto wakati ndizi zinapoiva, nawe umsikilize hata mwisho, hata kama hadithi imemchanganyikia. Mtoto aliyeisimulia habari kwa kinywa chake ameishika.

La tano: wazee husema pia, “Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe.” Wapeni wageni wetu jembe. Wachukueni wakamwone mgonjwa pamoja nanyi, wale chakula cha nyumba, wajifunze kuamkia kwa Kinyambo. Katika Luka mlango wa 10 Bwana aliwaagiza wajumbe wake wakae katika nyumba inayowapokea na kula wanachopewa. Mgeni aliyefundishwa na wenyeji hurudi kwake akiwa na la kuwafundisha watu wa kwao pia.

Mwisho, tusidhani kwamba safari ya kufundisha ng'ambo ni kazi ya watu wa Ulaya na Marekani tu. Kwetu ng'ambo ni karibu: ni upande wa pili wa mto Kagera. Johanssen alipokwenda Rwanda mwaka 1907 hakwenda bila Wakristo wa Kisambaa, nao walikuwa wageni katika nchi ile kama yeye. Na mwaka 1994, baada ya mauaji yale ya kutisha, makundi ya wakimbizi yalivuka kuja huku, na Karagwe nayo ikapokea makambi. Mwaka ule ule Wanyarwanda waliokuwa wamekaa miaka mingi Tanzania kama wakimbizi walirudi kwao, na ndio walioanzisha Kanisa la Kilutheri la Rwanda. Imani waliyoipata ugenini waliichukua mpaka nyumbani. Ni nani ajuaye kama mtoto aliyeketi leo katika mkeka wa shule ya Jumapili ya Nyabiyonza hatakuwa mwalimu wa watoto wa nchi nyingine? Lakini hatakwenda kama hakufundishwa. Naye hatafundishwa na juma moja tu.

Basi, ninyi walimu mnaofundisha kila Jumapili bila mshahara, mkitembea kwa miguu katika mvua ya masika na vumbi la kiangazi, msijione wadogo mbele ya wageni. Mgeni hupanda mbegu akaenda zake. Ninyi mwapalilia, na Mungu ndiye mwenye kukuza.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika mkutano wa walimu:

1. Je, watoto wa nyumba yetu waweza kusimulia habari moja ya Biblia kwa lugha ya nyumbani?

2. Mwalimu wetu wa Shule ya Jumapili ana haja ya nini, nasi twaweza kumsaidia kwa nini kabla ya kumngojea mgeni?

3. Wageni wakija mwaka huu, ni nani atakayeendelea na darasa Jumapili inayofuata?

Bwana awabariki watoto wetu, awalinde wageni wetu njiani, na awatie nguvu wale wanaobaki. Amin.