LAPTOPU MPYA, MWENDO WA KOBE (Sehemu ya 4)

Juzi nimetoka usiku, kazi ya chuo natakiwa kuiwasilisha kabla ya saa nne. Nikawasha laptopu, nikabandika chai, nikanywa, bado inazunguka tu. Na ina miezi miwili tangu niinunue Kariakoo! Fundi mmoja hapa Bagamoyo akasema niongeze RAM. Nikaguna. Hela nitoe wapi?

Wodini, mgonjwa akija na kizunguzungu hatukimbilii kumwongezea dawa. Tunamuuliza kwanza, unatumia dawa gani tayari? Basi na kompyuta iulize hivyo hivyo. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua Startup, utaona programu zinazoamka pamoja na mashine. Kwangu zilikuwa kumi na moja. Nilizoweka mimi? Mbili! Nyingine zilikuja nayo: antivairasi ya majaribio, michezo, vikumbusho vya kununua hiki na kile.

Nikazima zisizo na kazi. Antivairasi iliyoisha muda nikaiondoa kabisa, maana Windows 10 na 11 zina kinga yake ndani. Usiyoijua kazi yake usiiguse, uliza kwanza. Sasa inawaka kabla maji hayajachemka.

Maoni yangu: hizi si zawadi. Mara nyingi kampuni hulipwa kuziweka, sisi tunalipa kwa bando na muda wetu. Muuzaji atuambie kilichomo, au atukabidhi mashine safi. Na wewe fundi, pima kwanza ndipo uandike dawa.

Tukutane sehemu ya 5.