Bustani ya Nyumbani: Kaktusi katika Nchi ya Mvua



Katika barua tulizozipokea imo moja ya mwalimu wa huko Kibua, mahali ambapo milima ya Masisi yashuka kuelekea misitu ya Walikale. Aeleza kwamba alipewa vipande vitatu vya kaktusi, akavipanda mbele ya nyumba, akavimwagilia maji asubuhi na jioni kama mtu amwagiliavyo mchicha. Vikalainika, vikageuka rangi ya udongo, vikaanguka. Sasa auliza: Je, mmea huu waikataa nchi yetu? Na wanafunzi wake wameongeza swali lao: Ule ua wa miti minene isiyo na majani, itoayo maziwa ikikatwa, nao ni kaktusi?

Tuanze na swali la watoto, kwani lile la mwalimu lahusu mmea tu, na hili lahusu macho.

Kaktusi asili yake ni bara la Amerika. Huku kwetu kuna mimea inayofanana nayo kwa sura, lakini si wa ukoo mmoja. Mnyaa, ule wenye vijiti vya kijani vya mviringo kama penseli, ambao watu huupanda kuwa ua wa boma, si kaktusi. Mti ule mkubwa wa nyika, wenye matawi yaliyosimama kama kinara cha mishumaa, nao si kaktusi. Hata mmea mdogo wenye miiba mingi na maua mekundu, ambao hupandwa mbele ya makanisa na kuitwa taji la miiba, si kaktusi. Huo watoka Madagaska, basi jina lake ni la ibada, wala si la historia, ingawa wako waumini wanaosadiki vingine. Yote mitatu ni ya jamii ya yuforbia, na yote hutoa utomvu mweupe.

Utomvu huo si wa kuchezewa. Ukigusa ngozi huweza kuiunguza. Ukiingia jichoni huwasha vikali, jicho huvimba, na kuona huwa kama kuona katika ukungu. Na jicho lisipotunzwa upesi laweza kuharibika kabisa. Mtu akipatwa, jicho lake lioshwe mara ile ile kwa maji safi mengi yanayotiririka, kwa muda wa robo saa au zaidi. Asilisugue. Asitiwe majani wala dawa yo yote ya nyumbani. Kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama maumivu yamepungua. Na ye yote akataye ua wa mnyaa anawe mikono kwa sabuni kabla ya kujipangusa jasho usoni, kwani wengi huumia kwa njia hiyo. Wazazi, wapelekeni watoto mbele ya mmea wenyewe mkawaonyeshe. Jina tu halitoshi, maana mtoto hachezi na jina, achezea tawi.

Twawezaje kutambua? Tazama mahali miiba inapotokea. Katika kaktusi, miiba hutoka katika kivimbe kidogo chenye manyoya laini, mfano wa kitakia ambacho mshonaji huchomeka sindano zake. Katika kitakia hicho hicho hutoka pia ua na tawi jipya. Yuforbia haina kitakia hicho. Tena kaktusi ikikatwa, kwa kawaida hutoa maji maangavu au ya kuteleza, si maziwa. Ziko kaktusi chache ndogo zenye maziwa, kwa hiyo kitakia ni shahidi mwaminifu kuliko utomvu.

Sasa tumrudie mwalimu wetu. Mmea wake haukuikataa nchi, bali ulikufa maji. Kaktusi nyingi zimetoka nchi kavu, ambako mvua hunyesha siku chache na kisha kukoma kwa miezi. Basi shina limekuwa ghala la maji, na majani yamegeuka miiba. Mimea mingi hufungua vitundu vyake mchana ili ipate hewa, na hapo hupoteza maji mengi. Kaktusi hungoja usiku, jua likiisha kuzama, ndipo hufungua. Mmea wa namna hiyo watumia maji kwa ubahili mkubwa. Mizizi yake ikikaa siku nyingi katika udongo uliolowa, hukosa hewa, na kuvu huingia na kuiozesha. Kule Kibua mvua hunyesha karibu mwaka mzima, ikipungua kidogo tu mnamo mwezi wa sita na wa saba. Mvua yatosha, hata yazidi. Na mwalimu aliongeza ndoo mbili kila siku! Bidii ndiyo iliyouua mmea, wala si uvivu.

Kwa hiyo katika nchi ya mvua asiyezoea asipande kaktusi uwanjani. Atafute kopo la maziwa au kipande cha bidoni kuukuu, atoboe chini matundu matano au sita kwa msumari wa moto. Chungu kisicho na tundu ni kaburi la mmea. Udongo wa shamba peke yake haufai, kwa sababu hushika maji. Chukua fungu moja la udongo mwepesi, uchanganye na mafungu mawili ya mchanga mnene wa mtoni uliooshwa. Lililo bora kuliko mchanga ni changarawe ya makoro, mawe yale meusi ya volkano. Msafiri atokaye Sake au Goma, njia ikiwa salama, aweza kuombwa mfuko mdogo. Moto wa Nyamulagira wa mwaka 1938 hadi 1940 ulitiririka mpaka Ziwa Kivu karibu na Sake, na ule wa Nyiragongo wa mwezi wa kwanza mwaka 2002 ulipita katikati ya mji wa Goma na kuteketeza makao ya maelfu ya watu. Jiwe hilo lililowatoa watu machozi lina matundu mengi ndani yake, na mizizi hupata hewa humo kuliko katika udongo wo wote tuujuao.

Chombo kiwekwe chini ya upenu, upande wa mashariki, jua la asubuhi likifikie na mvua isikifikie. Kabla ya kumwagilia, chomeka kijiti chembamba mpaka chini, ukingoje kidogo, ukakichomoe. Kikitoka na udongo uliogandama, acha. Kikitoka kikavu, mwagilia maji mpaka yatoke chini, kisha usahau tena. Tusiweke hesabu ya siku, kwani siku za ukungu si sawa na siku za jua. Kaktusi inayorefuka, ikawa nyembamba na kuelekea dirishani, yaomba mwanga; isogeze nje kidogo kidogo, maana ikitolewa gizani ghafula huunguzwa na jua kama ngozi ya mgeni. Ukiona vidonge vyeupe kama pamba, hao ni wadudu. Wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Lakini liko jambo ambalo wasomaji wa Kibua pengine hawakulitazamia. Tumesema kaktusi ni za Amerika. Iko moja tu ambayo tangu zamani imekuwako pia Afrika kwa asili yake. Wataalamu huiita Rhipsalis baccifera. Haina miiba ikikomaa. Huning'inia juu ya matawi ya miti ya msituni kama kamba nyembamba za kijani, na huzaa tunda dogo linalonata, jeupe au jekundu. Yapatikana katika misitu ya Kongo na ya milima ya Afrika Mashariki. Jinsi ilivyovuka bahari wataalamu wangali wakishindana; wengi hudhani ndege walichukua mbegu. Hiyo haipendi jua kali, yapenda kivuli na unyevu. Yafaa ipandwe katika majani yaliyooza yaliyochanganywa na magome ya mti, katika kopo lililotundikwa, nayo yataka maji mara nyingi zaidi kuliko ndugu zake wa jangwani. Kwa anayeanza katika nchi ya mvua, twaona ndiyo ya kwanza kutafutwa. Chukua kitawi kilichoanguka pamoja na tawi la mti, usipande juu kukivunja. Wala usikitafute ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970 na ambayo sehemu yake yaingia Walikale. Humo kung'oa mmea ni kosa.

Kuhusu mpungate, ule wenye mabapa kama viganja, tuna neno la tahadhari. Kule Meksiko watu hula mabapa yake kama mboga, na matunda yake ni matamu yakiondolewa vimiiba. Lakini katika Laikipia, nchini Kenya, aina fulani za mpungate zilizoletwa kuwa mapambo na ua zimesambaa katika malisho. Tembo na nyani hula matunda na kutawanya mbegu, na mifugo huumizwa kinywani na tumboni na vimiiba vile. Kila bapa likianguka laweza kuota. Masisi ni nchi ya ng'ombe. Mvua yake huenda ikauzuia mpungate, lakini mabaki yasitupwe malishoni hata hivyo. Yakaushwe, yachomwe.

Hatimaye, namna ya kuanza upya. Bwana mwalimu akague kama limebaki shina lo lote lililo gumu. Alikate kwa kisu kilichopitishwa motoni, akipanda juu hatua kwa hatua mpaka nyama iwe safi, isiyo na doa la kahawia. Kipande kiwekwe kivulini, mahali pakavu, mpaka jeraha life gamba: wiki moja, na katika unyevu wa Kibua wiki mbili au tatu. Hakitakufa. Katika Masisi na Walikale si wachache waliolazimika kufunga mizigo usiku na kuhama. Nao wajue kwamba kipande kilichofungwa katika karatasi kavu hukaa wiki kadhaa bila udongo wala maji, kisha hupandwa mahali papya. Kikishapata gamba, kisimamishwe katika changarawe, kisizikwe sana, kiegemezwe kwa vijiti viwili. Kisipewe maji wiki ya kwanza. Baada ya wiki sita kivutwe polepole kwa vidole viwili: kikikaza, kimekwisha shika mizizi.