Darasa Limeingia Nyumbani: Je, Nyumba Zetu Zi Tayari?

Ndugu msomaji, zamani mzazi wa Kondoa au Mpwapwa aliyejaaliwa kumpeleka mwanawe chuo kikuu aliujua wajibu wake: atafute ada, nauli na matumizi, amuusie mema, kisha amuage kwa dua. Yaliyobaki yalikuwa ya chuo. Leo sehemu ya masomo ya elimu ya juu hufanywa kwa njia ya mtandao, na wapo wasomao shahada bila kuhama kwao. Darasa limeingia nyumbani. Basi yatupasa tujiulize si kuhusu utayari wa vyuo peke yake, bali utayari wa nyumba zetu.

Hapana shaka vyombo vimeongezeka. Kabla ya mwaka 2009, ulipofika Dar es Salaam mkongo wa kwanza wa baharini, nchi ilitegemea setilaiti, na intaneti ilikuwa ghali na ya polepole. Hata hivyo, vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, vingi vilisubiri hadi vilipofunguliwa tarehe 1 Juni badala ya kuendelea kufundisha kwa mtandao. Wanafunzi walikuwa makwao, wengi wakiwa na simu mkononi, na masomo yakasimama. Kuwa na simu si kuwa na darasa.

Kinachokosekana kwanza ni wakati. Katika uwanda huu wa kati mvua hunyesha msimu mmoja, aghalabu kuanzia Desemba hadi Aprili. Huo ndio wakati wa kulima na kupalilia mtama, uwele na alizeti, na ndio wakati vyuo vinapokuwa katika mihula. Kijana aliye bwenini haulizwi habari za palizi. Aliye nyumbani huulizwa, na akifungua simu asome, huonekana mvivu anayechezea simu.

Mzigo huu humwelemea zaidi binti. Wapo wazazi wanaoufurahia mtandao kwa kuwa binti atasoma akiwa chini ya macho yao, bila kupanga chumba mjini. Nia hiyo haina ubaya. Lakini tukimweka nyumbani kwa jina la masomo, kisha tukampa maji ya kuteka, wadogo wa kulea na wageni wa kuwapikia, tutakuwa tumemnyima chuo huku tukijisifu kuwa tumemsomesha. Dini yetu haikumtenga mwanamke katika wajibu wa kutafuta elimu, na mwenye wajibu hana budi apewe nafasi ya kuutekeleza.

Pili ni gharama. Baadhi yetu hudhani masomo ya mtandao hayana matumizi kwa kuwa hayana nauli wala kodi ya chumba. Mhadhara wa video humaliza kifurushi upesi, ilhali maandishi hutumia kidogo sana. Fedha ya kifurushi itengwe kila mwezi kama inavyotengwa ada, isingoje kitakachobaki.

Vyuo navyo vina deni. Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota nchini kote. Mhadhiri anayetegemea video ya papo kwa papo peke yake humwacha nyuma mwanafunzi wa kijiji cha Chemba hata katika siku za kawaida. Aweke pia maandishi yanayoweza kupakuliwa na kusomwa bila mtandao. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo mikoani, Dodoma ikiwamo, kwani asomaye mbali na chuo bado anahitaji mahali pa kuuliza na kufanyia mitihani. Chuo kinachoanzisha masomo ya mtandao bila kufikiria mahali hapo kimefanya nusu ya kazi.

Atasema msemaji: basi heri vijana wote waende chuoni. Ni kweli, Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007 kilikusudiwa kuchukua wanafunzi 40,000. Lakini yupo mwalimu wa shule ya msingi asiyeweza kuacha kazi, na yupo mama mwenye mtoto mchanga. Kwa hawa mtandao huenda ukawa mlango pekee, na si haki kuufunga kwa sababu sisi hatukujiandaa.

Kwa hiyo, kabla ya kujisajili, familia ikae pamoja. Ihakikishe kwanza kwamba chuo na shahada yake vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, maana mtandaoni wamo pia wauza vyeti. Kisha ikubaliane juu ya mambo matatu: saa zipi za siku ni za masomo na haziguswi, pembe gani ya nyumba ni ya msomaji, na fedha ya kifurushi itatoka kwa nani. Makubaliano hayo yamfunge baba, mama na ndugu wote. Na pale ambapo nyumba ni finyu, kamati za misikiti zifikirie kufungua vyumba vya madrasa nyakati za jioni, wavulana na wasichana kila kundi kwa zamu yake, ili vijana wapate taa na utulivu.

Mtoto tuliyemsajili chuoni tumempa ahadi. Kuwa kwake nyumbani hakuipunguzi ahadi hiyo, bali kunaihamishia mikononi mwetu. Wabillahi tawfiq.